Nani Ataizungusha Mashine ya Kahawa

Siku niliyostaafu na kukabidhi droo yangu ya bisibisi na brashi, Neema, binti aliyechukua nafasi yangu dukani, aliniuliza swali moja: mteja akiingia anataka mashine ya kusagia kahawa nyumbani, aanze kumwonyesha ipi? Nikamjibu haraka kwamba asianze na mashine, aanze na mteja. Watu wakacheka, keki ikakatwa, na swali lake likabaki mezani pamoja na makombo. Nimekaa na jibu hilo tangu siku ile na naona lilikuwa fupi mno. Sasa nina muda. Naandikia barazani kwangu Mbagala, kikombe kikiwa pembeni, ili Neema na mafundi wenzake wa chumba cha nyuma wapate jibu lenye nyama kidogo.

Vyeo na mishahara sitavitaja. Vyeo dukani kwetu vilikuwa viwili, mwenye duka na sisi wengine, na kuhusu mishahara kila mmoja wenu anajua.

Nilifika Temeke nikitokea upande wa Bukoba. Kwetu kahawa inatafunwa. Mgeni akiingia ndani, kabla hata hajaulizwa habari za safari, anawekewa buni zilizochemshwa na majani yenye harufu nzuri kisha zikakaushwa, naye anatafuna mojamoja huku salamu zikiendelea. Kwa sababu hiyo niliingia kazini nikiamini kwamba kahawa naijua. Aliyenipokea alikuwa Fundi Hamza, mzaliwa wa Temeke, mtu mwembamba mwenye kofia ya kufuma, ambaye ufundi wake aliupata kwenye mashine za kusaga mahindi kabla hajahamia kwenye hizi ndogo. Alinisikiliza nikijieleza mpaka mwisho bila kunikatiza. Halafu akasema, "Sawa, Koku. Kutafuna unajua. Sasa tujifunze kusaga."

Somo la kwanza alilitoa kwa karatasi mbili nyeupe. Alichota kahawa iliyokaangwa asubuhi ileile, akasaga nusu kwenye mashine ya kisu, ile inayofanana na blenda ndogo, na nusu nyingine kwenye mashine ya meno. Akamimina kila moja kwenye karatasi yake na kuniambia nitazame. Ile ya kisu ilikuwa mkutano wa hadhara: unga laini kama poda, chenga, na vipande vilivyobaki karibu punje nzima. Ile ya meno ilikuwa kama mchanga wa aina moja. Alinifungulia mashine nikaona sababu. Ndani kuna pete mbili zenye meno, zinatazamana. Moja imetulia, nyingine inazunguka, na punje hushuka katikati yake. Nafasi kati ya pete hizo ndiyo inayoamua ukubwa wa chenga, na skrubu ya pembeni ndiyo inayoamua nafasi.

"Kisu kinakata kinachokutana nacho," alisema. "Meno yanapitisha kinachotosha."

Sijawahi kupata maelezo bora kuliko hayo, na nimeyauza kwa wateja maisha yangu yote kama yangu. Ukitaka kuyathibitisha, pika hizo karatasi mbili. Katika ile ya kisu, unga unatoa uchungu wote kabla vipande vikubwa havijaamka, na kikombe kimoja kinakuwa kichungu na chepesi kwa wakati mmoja, kitu ambacho ungedhani hakiwezekani.

Somo la pili lilikuwa la masikio. Fundi Hamza alinikalisha nikiwa nimefumba macho, akasaga. Kahawa kavu hupasuka, na mashine hutoa sauti ya mvua juu ya bati. Iliyopata unyevu hunung'unika. Meno yakikaribiana mno yanagusana, na mlio wake ni wa kijiko kikikwangua sufuria. Ukiusikia huo, legeza mara moja, maana yanatafunana yenyewe. Wengi mnapenda kutazama simu wakati mashine inafanya kazi. Tazameni, lakini sikio liacheni kazini.

Kuchagua mashine kulikuwa na utaratibu wake. Fundi Hamza hakuwahi kumuuliza mteja ana kiasi gani mfukoni. Alimuuliza, "Unapikia nini?" Anayepikia kwenye dele, lile birika refu la kahawa, kahawa ikachemka na mashapo yakatulia chini, anahitaji chenga za wastani. Akisaga laini sana, unga unaelea na mgeni anaondoka na masharubu meusi. Mwenye birika la kubonyeza anataka chenga kubwa zaidi. Mwenye chujio la karatasi yuko katikati, na mwenye kile kibirika cha Kitaliano cha kuweka jikoni anataka laini, ila si unga. Mashine nzuri ya nyumbani ni ile inayoweza kwenda pote huko na kurudi ulipoanzia bila kupotea njia. Mashine ikiwa na skrubu isiyokaa mahali pake, hata ing'ae namna gani, ni pambo.

Baada ya hapo ndipo tulipozungumzia meno yenyewe. Ya kauri hayashiki kutu, na katika mji huu ambao hata chumvi inalia jasho, hilo si jambo dogo. Lakini yanachukia mshangao. Kijiwe kimoja kilichoponyoka kutoka uwanja wa kuanikia, jino limemeguka. Ya chuma yanavumilia zaidi, mradi usiyaoshe kwa maji. Nikiandika hapa idadi ya mashine nilizopokea zimeoshwa kwa sabuni na akina mama wasafi kupita kiasi, hamtaamini. Mashine ya kahawa haiogeshwi. Inapigwa brashi kavu, inafutwa kwa kitambaa, basi. Na wale wanaosema tia mchele mbichi usafishe, waambieni mchele una sufuria yake.

Mengine mnayajua, lakini niyaseme yabaki hapa. Kukaza meno kunafanywa mashine ikizunguka na ikiwa tupu. Ukikaza huku punje zimo, unazibana na skrubu inadanganya. Umeme ukikatika katikati ya kusaga, chomoa waya ukutani na utoe punje zilizopasuka nusu kabla umeme haujarudi, la sivyo injini itaamka imebanwa na itaungua ikijaribu kufurahisha. Msimu wa masika punje zinalainika hata kwenye kopo, kwa hiyo msishangae mteja wa kila siku akilalamika kwamba kipimo chake kimehama. Na saga unayoipika sasa, si ya wiki nzima. Kahawa iliyosagwa inapoteza harufu haraka kama habari ya mtaani.

Wateja wetu walikuwa wa kila namna. Makarani wa Kurasini waliletewa mashine na mabaharia kama zawadi na hawakujua ni kitu gani. Mwalimu mmoja wa Segerea, mtu wa Iringa, alituletea mashine yake akilalamika kwamba inatoa harufu ya pilau. Tulipoifungua tulikuta bizari na mdalasini wa sikukuu nzima. Alikuwa akisagia viungo bila kumwambia mtu. Nilimuuliza kama mumewe hakulalamika kahawa yake ikiwa na bizari. Akasema hapana, mumewe alidhani ndiyo kahawa ya Pwani, na alikuwa ameshaanza kuisifia kwa wenzake.

Tulicheka sana, na Fundi Hamza aliyasema maneno ambayo tangu hapo nikawa nayarudia kwa kila mteja anayetoka na mashine mpya: ya meno ni ya kahawa tu, viungo twanga kando. Ni ushauri sahihi. Mnao hata kwenye karatasi ya maelekezo. Kisa ninachotaka kuwasimulia kinahusu siku ushauri huo sahihi ulipotushinda.

Mteja alikuwa Saumu, mwanamke wa makamo anayefanya kazi katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini Kurasini. Aliishi na mama yake, Bi Mwanaidi, huko Mtoni, katika nyumba ya familia. Bi Mwanaidi alikuwa mpishi wa kahawa wa mtaa mzima. Kila alasiri majirani walipita uani kwake, wanaume upande wa mlangoni, wanawake ndani, na kahawa yake ya tangawizi na kashata ndiyo iliyowaweka. Kisha alipata kiharusi. Ulimi ulirudi, tena mkali kama zamani, miguu ikarudi, lakini mkono wa kulia ukabaki mzito. Kinu na mchi vikasimama. Saumu akamnunulia kwetu mashine ya umeme ya meno ya kauri, bonyeza kitufe, kazi imekwisha. Mimi ndiye niliyemchagulia, na niliona nimechagua vizuri.

Haikupita muda akairudisha imekwama. Ndani nilikuta nyuzi nyuzi za rangi ya majani makavu zimejisokota kwenye meno. Tangawizi. Nikamkumbusha Saumu maneno yetu, akaapa kwamba ameyafikisha nyumbani kama yalivyo, na mama yake ameitikia. Nikasafisha nikamrudishia. Ikaja tena, nyuzi zilezile, na safari hii jino limemeguka. Nikabadilisha pete. Ilipokuja mara nyingine Saumu hakuiweka kaunta. Aliikumbatia akakaa nayo kwenye benchi la wateja, akaniambia yaliyokuwa yakimsumbua.

Kaka yake, Jumbe, alikuwa na nyumba Segerea, na alitaka mama ahamie kwake. Hakuwa mtu mbaya, Saumu alisisitiza hilo. Alimwona mama anakaa peke yake mchana kutwa na mkono mmoja, na hofu ilimnyima usingizi. Walibishana mpaka Bi Mwanaidi mwenyewe akakata shauri mbele ya wanawe wote wawili. Hitma ya marehemu mumewe ilikuwa inakaribia. Kila mwaka alipika kahawa ya wageni kwa mkono wake. Akasema, "Mwaka huu nikishindwa kuwapikia wageni wa baba yenu, njoo na gari. Nitapanda bila neno." Jumbe akakubali, na tayari alikuwa ameshaongea na mwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kije siku hiyohiyo ya hitma.

"Mie siwezi kumsagia kisirisiri, dada," Saumu aliniambia. "Atajua. Na mashine ndiyo hii, kila siku imekufa."

Nilikuwa na tabia ambayo Fundi Hamza aliiita umbea wenye bisibisi: mashine ikiharibika mara kwa mara, nilipenda kwenda kuona inakoishi. Jumamosi nikaenda Mtoni.

Bi Mwanaidi alinikaribisha uani. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku akinitazama kuanzia viatu. Mkono wa kulia ulikuwa umelala mapajani, umefunikwa kwa ncha ya kanga kama mtoto aliyelala. Kinu kilikuwa pembeni ya mlango kimefudikizwa, na juu yake pamewekwa ndoo. Alipojua mimi ndiye fundi, na tena ni Mhaya, alifurahi sana, maana alipata wa kumtania.

"Nyie mnatafuna buni kama karanga," alisema, "halafu mnapanda meli na gari moshi kuja kutufundisha sie kahawa."

Nikamwambia ni kweli, tunatafuna, lakini angalau meno yetu hayamegeki. Akacheka mpaka akajifuta macho. Baada ya hapo tukawa tunaelewana.

Sikumuuliza kama ametia tangawizi. Nilimuuliza jinsi alivyokuwa akipika zamani. Akanieleza, na kadiri alivyoeleza mkono wa kushoto ulikuwa unaonyesha kila kitu hewani. Kahawa inakaangwa, inapoa, inaingia kinuni pamoja na tangawizi kavu na iliki kidogo. Vinatwangwa pamoja. Si kahawa kwanza, tangawizi baadaye, bali pamoja, mpaka mafuta ya hiki yaingie kwenye hiki. Nikajaribu kusema maneno yangu ya dukani, kwamba angeweza kutwanga tangawizi kando na kuichanganya mwishoni.

Kisha akauinua ule mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akauweka juu ya meza baina yetu, taratibu, kama mtu anayeweka kitambulisho.

"Kutwanga kando," alisema. "Kwa mkono upi, mwanangu?"

Tangu siku ya ile mashine ya pilau nilikuwa nimesema maneno yale kwa kila mteja, na hakuna hata mmoja aliyenijibu hivyo. Mtu asiyeweza kutwanga kahawa hawezi kutwanga tangawizi pia. Tulimwondolea kinu kwa sababu hana mkono, kisha tukamwambia akitumie kinu. Na hakuweza kumwomba Saumu amtwangie, kwa sababu kila aliloombea msaada lilikuwa ushahidi kwa Jumbe. Tangawizi ya unga ya dukani hakutaka hata kuizungumzia. Aliiita vumbi. Basi akawa anasubiri Saumu aende kazini, anatia vyote pamoja kwenye mashine yangu, na kubonyeza kitufe huku ameelekea ukutani ili asione.

Nilirudi dukani nikamsimulia Fundi Hamza. Alikuwa amekaa na chai yake. Alisikiliza, akavua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena. Hivyo ndivyo alivyokuwa akifikiri.

"Tumekuwa tukiuliza swali moja tu," alisema. "Unapikia nini. Hatujawahi kuuliza nani ataizungusha."

Akaingia stoo na kutoka na mashine ambayo nilikuwa nimeiona kwa miaka bila kuitilia maanani. Ni ile ya chuma kizito, ya kufunga kwa parafujo kwenye ukingo wa meza, yenye mkono mrefu wa kuzungusha. Wengi huitumia kusagia karanga. Meno yake ni ya chuma, makubwa, ya kizamani, na hayaogopi nyuzi. Nikampinga: Bi Mwanaidi hana nguvu, na tumempa ya umeme kusudi asizungushe. Fundi Hamza akaniambia nisubiri nione kwanza.

Tulikwenda pamoja. Mashine hizo hufungwa mkono wa kuzungushia ukiwa upande wa kulia wa mtu, na kwenye sehemu ya juu ya mzunguko unausukuma mbele, kwa bega. Fundi Hamza aliifunga kwenye ukingo wa pili wa meza, mkono ukaangukia kushoto kwa Bi Mwanaidi. Mashine inazunguka upande wake uleule, lakini kwa mtu aliyekaa hivyo kusukuma kunageuka kuvuta. Unavuta juu kuja kwako, unaegemea nyuma, na uzito wa mwili unafanya kazi ambayo mkono ungeifanya. Mara ya kwanza Bi Mwanaidi alizungusha kinyume, akisukuma mbele, na punje zikacheza tu mdomoni mwa mashine bila kushuka.

"Inanicheka," alisema.

"Inakusubiri, bibi," Fundi Hamza akamjibu. "Vuta. Kama unavuta ndoo kisimani."

Akavuta. Ikapasuka punje ya kwanza, halafu ile sauti ya mvua juu ya bati. Nilimwona Fundi Hamza amefumba macho.

Mpini wa mbao ulikuwa mwembamba kwa vidole vyake. Saumu akachana ukanda wa kanga kuukuu, akauzungushia mpaka ukajaa kiganja. Ikabaki tangawizi. Vipande vikubwa vilikwama hata kwenye meno yale. Nikapita soko la Mabibo nikamtafutia iliyokatwa vipande vyembamba kabla ya kukaushwa, na bado ilijisokota kidogo. Hilo alilimaliza yeye mwenyewe, sisi tukitazama. Kahawa ilipokaribia kuiva kikaangoni, alitupia tangawizi humo humo, akaigeuzageuza kwa mwiko mpaka ikapata moto. Ilipopoa akaipasua kwa vidole viwili kama biskuti. Nyuzi zilikuwa zimekufa. Tukasaga mara mbili: mkupuo wa kwanza meno yamelegezwa, wa pili yamekazwa. Fundi Hamza akanusa, akanipa ninuse, kisha akaanza kukusanya bisibisi zake.

Siku ya hitma nilialikwa. Nilikaa uani na wanawake, nikipanga vikombe. Kirikuu kilikuwa kimeegeshwa nje tangu asubuhi, dereva amelala ndani, miguu nje ya dirisha. Jumbe aliingia kumsalimia mama yake akamkuta mezani anasaga. Ni mwanamume mkubwa wa mwili, na alisimama mlangoni kama aliyekosea nyumba.

"Mama, acha nikusagie," alisema.

"Ukinisagia utakuwa umeshinda," Bi Mwanaidi akamjibu bila kuacha kuvuta. "Kaa huko."

Hakukaa huko. Kahawa ya wageni wote ni nyingi, na kila mama yake alipoegemea nyuma, meza ilijongea kidogo ikikwaruza sakafu. Jumbe aliitazama ikijongea, mara moja, mara mbili. Kisha akaja, akaweka viganja vyake viwili juu ya ubao wa meza, akakandamiza. Hakugusa mashine. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, naye hakuondoka mpaka kopo lilipojaa. Saumu alikuwa amegeukia jikoni, anahangaika na mkaa uliokwisha kukolea.

Kisomo kilipokwisha, kahawa ilitoka. Wazee wa mlangoni walipokea vikombe, wakavuta funda la kwanza kwa ile sauti yao, na mmoja akauliza kwa sauti ya kusikika ndani kama Mwanaidi amepona, maana kahawa imerudi. Jumbe alikuwa kati yao. Alikunywa kikombe chake, akakipeleka kijazwe tena, akanywa na hicho.

Wageni walipotawanyika alisimama uani na funguo mkononi, akitafuta pa kuanzia. Mama yake akamwokoa.

"Gari umeshalikodi," alisema. "Lisirudi tupu. Ile mashine ya umeme iko chini ya kitanda changu, ichukue. Kwako kuna watu wenye mikono miwili, mtatwanga tangawizi kando."

Basi kirikuu kilirudi Segerea na mashine ndogo ya kahawa, imefungwa kwa kamba katikati ya bodi kama friji. Jumbe naye akawa anakuja Mtoni kila Jumapili. Alisema anakuja kukaza parafujo za meza. Alileta meza mpya nzito, mama yake akaikataa, kwa hoja kwamba ile ya zamani ikijongea inampatia mtu wa kuishika.

Fundi Hamza ametangulia mbele ya haki, na viti vya chumba cha nyuma vimebadilika. Bi Mwanaidi bado anavuta. Nilipita kumuaga nilipostaafu, akaniambia kustaafu ni jambo la watu wa ofisini, yeye hakuona nilipoanza kazi. Akanipimia kahawa ya kuondoka nayo. Ndiyo hii iliyo pembeni yangu.

Kwa hiyo, Neema, mteja akiingia muulize anapikia nini, kisha muulize nani ataizungusha, na usubiri jibu lote. Na mara moja kwa mwaka, kabla ya hitma, Saumu atakuleteeni mashine ya chuma ya kufunga mezani ili meno yapigwe brashi. Mpini wake umezungushiwa ukanda wa kanga uliofifia. Mtatamani kuufungua ili mashine ionekane safi. Piga brashi, tia tone la mafuta kwenye ekseli, irudishe. Kitambaa kiacheni.